Moshi wa kuni hauifichi harufu yako, lakini jivu lake litakufaa

SWALI: Mimi ni mkazi wa Likoni, mstaafu. Mwanangu anaishi Pennsylvania, Marekani, ambako mtu mwenye leseni anaruhusiwa kuwinda kulungu, naye huwinda kwa upinde. Wenzake wamemfundisha asimame kwenye moshi wa kuni, yeye na nguo zake, kabla ya kuingia msituni ili mnyama asinuse mtu. Ameniuliza kama wawindaji wa zamani wa huku kwetu walifanya hivyo. Mimi siwindi, ila napenda kupiga picha za wanyama kwenye hifadhi ya Shimba Hills, na palahala, wale swala wakubwa, hunikimbia kila mara. Je, ni kweli moshi huficha harufu ya binadamu? Warina asali wanautumia kwa nyuki, mbona usifae kwa kulungu? Na mimi mwenye pumu naweza kujaribu?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo. Moshi wa kuni hauifichi harufu ya mtu. Unaweza kuipunguza kidogo kwenye nguo, kwa muda mfupi, na hapo ndipo nguvu yake inapoishia. Kinachomfikisha mtu karibu na mnyama ni upepo, na katika moto huohuo wa kuni kitu cha kukusaidia kuujua upepo ni jivu. Laiti wenzake mwanao wangempa kifuko cha jivu badala ya kumsimamisha motoni.

Wewe ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo jambo hili unalijua tayari kutoka nyumbani. Kanzu iliyovaliwa kutwa nzima kwenye joto la Machi, ukiifukiza udi bila kuifua, itatoa harufu gani ukiivaa tena? Itanukia udi, na ukiinua mkono jasho litanuka palepale. Ndiyo maana nguo hufuliwa kwanza, ikakauka, kisha ikawekwa juu ya chetezo. Udi haukuliondoa jasho, umekaa pamoja nalo. Pua yetu sisi, iliyo dhaifu, inazitenga harufu hizo mbili bila taabu. Sasa fikiria pua ya mnyama ambaye uhai wake unategemea kunusa.

Watafiti wamehesabu jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu kwa wanyama mbalimbali. Binadamu ana takriban 400 zinazofanya kazi, mbwa 800 hivi, ng'ombe zaidi ya 1,000, na ndovu wa Afrika karibu 2,000. Hesabu hiyo peke yake haielezi kila kitu, lakini inaonyesha tunashindana na nani. Mnyama hapokei harufu kama mchanganyiko mmoja ambao kilicho kikali humeza kilicho hafifu. Huitenga, akajua hapa pana moshi, pana ngozi ya mtu, pana mafuta ya bunduki, pana sabuni. Moshi ukizidi, anachojua ni kwamba kuna mtu aliyekaa karibu na moto.

Huhitaji kwenda mbali kuona ushahidi wa hilo. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa Amboseli walichapisha matokeo ya jaribio moja la nguo na ndovu. Waliwawekea ndovu nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kimaasai, nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kikamba, na nguo safi ambazo hazikuvaliwa na mtu. Nguo za Wamaasai, ambao vijana wao walikuwa na mazoea ya kuwachoma ndovu mikuki, ziliwatia ndovu hofu kubwa zaidi: walikimbia mbali zaidi, wakachukua muda mrefu kutulia, na mara nyingi walijificha kwenye nyasi ndefu. Za Wakamba, ambao ni wakulima, hazikuwatisha kiasi hicho. Mtu wa boma anaishi na moshi wa kuni ndani ya nyumba yake, na mkulima wa kijijini naye anapikia kuni. Kama moshi ungekuwa unaifunika harufu ya mtu, ndovu wangewezaje kutofautisha kabila na kabila kwa nguo tu? Huo ni uchambuzi wangu mimi, jaribio halikuwa la moshi, lakini sioni namna ya kuukwepa.

Mfano mwingine uko hapo ng'ambo ya feri. Mwaka 2015 shehena mbili kubwa za pembe za ndovu zilizotoka bandari ya Mombasa zilikamatwa Thailand na Singapore zikiwa zimefichwa kwenye majani ya chai. Tangu miaka hiyo mbwa wa kunusa wamekuwa wakifanya kazi Kilindini kutafuta pembe. Walanguzi wa kila aina wamejaribu kahawa, viungo, manukato na hata petroli, na mbwa aliyefunzwa huendelea kukipata kilicho chini yake. Kama harufu kali ingeweza kuifunika iliyo hafifu, mbwa huyo asingefaa kitu bandarini.

Marekani kwenyewe walikwenda mbali kuliko moshi. Wanauza mavazi ya kuwindia yenye kaboni ndani ya kitambaa, ya bei kubwa, yanayodaiwa kunyonya harufu ya mwili. Mwaka 2002 mtafiti John Shivik alichapisha jaribio la mavazi hayo: watu walijificha, wengine wakiwa wameyavaa na wengine wakiwa na nguo za kawaida, kisha mbwa wa kutafuta watu wakaachiliwa. Mbwa waliwapata karibu wote, na mavazi hayakuleta tofauti ya maana. Kama kitambaa kilichotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo kimeshindwa, moshi wa dakika kumi hautafanya zaidi.

Lakini nisiunyime moshi haki yake, maana wanaousifu hawasemi uongo mtupu. Sehemu kubwa ya harufu yetu haitoki kwenye jasho lenyewe. Jasho likitoka halinuki sana. Bakteria wa kwapani, miguuni na kwenye kola ndio wanaolila na kutoa asidi zinazonuka. Moshi wa kuni una fenoli, fomaldehaidi na asidi ya siki, vitu vinavyoua bakteria au kuwazuia wasizaliane, na ndiyo sababu samaki aliyekaushwa kwa moshi hakai sawa na samaki mbichi kwenye joto letu hili. Nguo ya pamba iliyoning'inizwa kwenye moshi uliopoa inabaki na bakteria wachache zaidi. Kwa saa chache za mwanzo mtu huyo ananuka jasho kidogo kuliko mwenzake. Faida ipo.

Tatizo ni kwamba nguo imefukizwa, mtu hakufukizwa. Mwili unaendelea na kazi yake. Pumzi inatoka kila sekunde chache, ngozi inapukutika, na kichwa kinatoa jasho chini ya kofia. Ukipanda kilima kwa nusu saa na mkoba mgongoni, kola na kwapa zimelowa upya, na moshi wa asubuhi uko nje ya kitambaa huku jasho la sasa likitokea ndani. Anayesimama motoni uso na kifua vikielekea moshi ameacha mgongo, makwapa na ndani ya kofia vilevile vilivyokuwa.

Kuna jambo la pili linaloupa moshi sifa, nalo ni mazoea. Kulungu wa Pennsylvania anaishi jirani na nyumba za watu wanaoota moto wa kuni majira ya baridi yanapoingia. Amenusa moshi tangu kuzaliwa bila kupatwa na baya. Kwake moshi peke yake si hatari, na mtu mwenye moshi kwenye nguo anaongeza harufu ambayo mnyama haistukii. Hiyo ni tofauti kabisa na kufichwa. Hata huku kwetu wanyama hawakimbii moshi ovyo. Nyasi zikiwaka, mwewe na korongo huja kando ya moto kudaka panzi wanaokimbia, na swala huja baadaye kula majani mapya. Shimba penyewe nyasi huchomwa kwa mpango ili msitu usizimeze mbuga anazozitegemea palahala. Kwa hiyo usidhani palahala wako walikimbia kwa kukosa moshi kwenye shati lako. Walikunusa wewe.

Hapo kwenye nyuki umeuliza swali zuri, na wengi wanateleza hapo. Nyuki akistuka hutoa harufu ya kuwaita wenzake wapigane, na ndiyo ile inayonukia kama ndizi mbivu mtu akishadungwa. Mrinaji akipuliza moshi mzingani, moshi mzito unafika kwenye papasi za nyuki, vile vipembe vya kichwani anavyonusia, na kuzififisha, kiasi kwamba mwito wa vita hausikiki vizuri. Hali hiyo hupita ndani ya dakika 10 hadi 20. Pia nyuki wakinusa moshi hujaza matumbo asali kama wanaojiandaa kuhama, wakawa wazito na wapole. Angalia basi: moshi umeingia kwenye kiungo cha kunusia cha nyuki mwenyewe. Mwanao akifukiza shati lake, pua ya kulungu iliyo mita 30 kutoka kwake haijaguswa na chochote. Ili moshi umfanyie kulungu uliyomfanyia nyuki, ingebidi umzingire mnyama kwa moshi mzito, na mnyama gani atakaa hapo? Wakulima wanaopakana na ndovu wanalijua hilo kwa upande wa pili. Wengine huchoma matofali ya kinyesi yaliyochanganywa na pilipili ili moshi wake uwachome ndovu puani na kuwafukuza shambani.

Sasa wazee wetu. Mwambie mwanao kwamba nyuma ya pwani hii, kuanzia nyika za Kilifi hadi Tsavo, waliishi na bado wanaishi Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Hao walikuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa upinde. Upinde wao ulikuwa mzito ajabu kuuvuta, na mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwenye mti wa jamii ya Acokanthera, sumu inayosimamisha moyo. Silaha ya namna hiyo ilimlazimu mwindaji amfikie ndovu karibu sana, hatua ambazo leo hakuna mtalii atakayeruhusiwa. Watu hao walilala kando ya moto, wakapika na kukausha nyama kwa moto, hivyo moshi walikuwa nao mwilini watake wasitake. Lakini si huo uliokuwa kinga yao. Mtu anayemfuata ndovu kwa karibu namna ile hupona kwa kumjia kutoka upande wa demani, upepo ukitoka kwa ndovu kuja kwake. Uwindaji huo ulivunjwa na kampeni za Tsavo za miaka ya 1950, wengi wao wakafungwa, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote wa starehe. Leo, chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, hata funo wa kitoweo ni kosa la kupelekwa mahakamani. Nalisema hili kwa sababu swali la moshi huwa linaniletea pia vijana wenye mitego, na hao sina la kuwafundisha.

Turudi kwenye jivu, maana ndilo nililotaka ulipate hasa. Wafuatiliaji wa ndovu wa Afrika hubeba kifuko kidogo cha jivu. Cha kwako utakitengeneza nyumbani kwa dakika chache. Chota jivu jeupe la kuni ngumu, lile lililobaki mafigani usiku kucha bila kuloa, ulichekeche kwa chekeche la unga mpaka chenga zote zitoke. Mimina vijiko vitatu vinne ndani ya soksi kuukuu ya pamba, funga fundo. Ukiipiga soksi kwa kidole, jivu linatoka kama pumzi na kubaki hewani. Usitazame pale lilipotokea tu, lifuate kwa macho. Utaliona likienda mbele yako usawa wa kifua, halafu hatua sita mbele likageuka kwa ghafla usawa wa magoti na kurudi kushoto, kwa sababu hewa inayopita kwenye uwazi inagonga ukingo wa msitu na kujizungusha. Kidole kilicholoweshwa mate hakikuonyeshi mgeuko huo. Majani ya juu ya mti hayakuonyeshi pia, maana huko juu kuna upepo mwingine. Jivu linakuonyesha njia ambayo harufu yako inapita sasa hivi. Msimu wa mvua likinyonya unyevu hugandamana, hivyo liweke kwenye kopo lenye kifuniko.

Shimba ina hila zake. Vilima vile vinatazama bahari, na alfajiri hewa iliyopoa usiku huteremka kutoka juu kuelekea pwani. Jua likishapanda na ardhi ikapata moto, upepo wa bahari unaingia, wakati wa kusi ukitokea kusini-mashariki, wakati wa kaskazi ukitokea kaskazini-mashariki. Katikati ya hizo mbili kuna muda ambapo hewa haina mwelekeo, inazunguka tu, na huo ndio muda ambao watu wengi wanafika wakiwa na kamera zao, baada ya kuchelewa feri. Palahala waliokuwa wakila kwa utulivu saa 12 na nusu wanainua vichwa saa 2, na mpiga picha anadhani ametembea kwa kelele. Hakufanya kelele, upepo umegeuka mgongoni mwake. Ukifika mapema, simama kwanza langoni mwa uwazi wa nyasi, piga soksi, kisha mwombe dereva azungukie mpaka mje kutoka demani. Ukikuta dume lile jeusi liko pembeni na majike ya rangi ya kahawia wako katikati, lielekeze jicho kwa majike. Mara nyingi mmoja wao ndiye atakayeinua pua mapema, na akiinua, usisogee hata hatua mpaka arudi kula.

Hapa lazima niwe mkali kidogo, mzee wangu, na uniwie radhi. Shimba ina ndovu wengi, na vichaka vyake ni vizito. Hata kama moshi ungekuwa na uwezo huo unaosifiwa, nisingekuruhusu ujifiche pua ya ndovu ukiwa kwa miguu. Ndovu au nyati anayekunusa ukiwa mbali ana nafasi ya kuondoka, na kwa kawaida ataondoka. Anayekugundua ukiwa mita 15 mbele yake hana nafasi hiyo, naye atachagua kushambulia. Kwenye matembezi ya kwenda maporomoko ya Sheldrick unaongozana na askari wa hifadhi, na utamwona wakati mwingine akipiga kelele kidogo au akichagua njia inayopeleka harufu yenu mbele kwenye kichaka kizito. Anafanya hivyo kwa makusudi, na anajua anachofanya. Jivu lako litumie kwa palahala kwenye uwazi ukiwa karibu na gari, na ndani ya msitu mfuate askari. Moto wa aina yoyote usiuwashe hifadhini, hata wa kijiti kimoja.

Kwa mwanao nina haya. Afue nguo zake kwa sabuni isiyo na manukato, azianike nje, azitunze ndani ya mfuko uliofungwa, mbali na jikoni na mbali na gari lenye harufu ya mafuta. Kama anaupenda moshi, azifukize nguo zilizokwisha fuliwa, si chafu, akizitundika nje juu ya moto uliobaki makaa, kwa kuni za miti ya msitu anaowindia. Mbao zenye rangi au zilizotiwa dawa zina sumu, na jaketi la nailoni huyeyuka haraka kuliko anavyodhani. Akitembea kuelekea dungu lake aende polepole, koti akilibeba mkononi, alivae akishafika na mwili kupoa, kwa sababu jasho la njiani ndilo linalomuumbua. Awe na dungu la pili upande mwingine wa njia ya kulungu, ili siku upepo ukibadilika asilazimishe kukaa kwenye lile la kwanza. Na kwenye miteremko ajue kwamba asubuhi jua likichoma hewa hupanda mlima, jioni hushuka. Akikaa juu ya njia yao jioni, harufu yake inawamwagikia vichwani, hata kama amelala ndani ya tanuri la moshi wiki nzima.

Kuhusu pumu yako sitazunguka. Usijaribu. Chembe za moshi wa kuni ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, na shambulio linaweza kuja saa kadhaa baadaye, ukiwa umeshafika vilimani na hospitali iko mbali. Usimwachie hata mjukuu afukize nguo zako sebuleni ukiwa ndani. Kuchekecha jivu pia kunatimua vumbi, kwa hiyo kazi hiyo mpe mtu mwingine aifanye uani, wewe upewe soksi iliyokwisha fungwa, na ukiipiga simama ukijua jivu litaelekea wapi. Dawa yako ya kuvuta iwe kwenye mfuko wa shati, si kwenye begi la kamera lililobaki kwenye gari. Mwanao naye mwambie asijifungie na moto ndani ya banda au gereji akidhani moshi utamkolea vizuri, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na imeshaua watu wengi waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa.